Chumvi ya Ng'ombe

Juni 3

Niliishia darasa la tano, ila kuandika sikusahau. Daftari hili nimelinunua kwa sababu hapa Ihembe siku zinafanana, na nisipoziandika sitajua zimebaki ngapi. Kahawa imeanza kuiva. Mzee Nolasco, mwenye shamba, anasema kuchuma na kuanika kutakwisha mwishoni mwa Agosti. Hapo ndipo atanirudishia kitambulisho changu. Ndio utaratibu wake. Ukifika anakichukua, anakifungia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, ili kibarua asitoroke katikati ya msimu. Mimi ni Muha wa Kasulu. Muha asiye na kitambulisho akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara ya Kayanga huambiwa ni Mrundi, akapandishwa gari. Kwa hiyo siendi popote.

Vibarua tuko wawili. Mwenzangu ni Mrundi kweli, jina lake Nsanzimana, na hana karatasi yoyote ya kufungiwa sandukuni. Tunalala chumba kimoja nyuma ya stoo ya kahawa. Anaongea mno.

Juni 5

Tumechuma toka asubuhi hadi jioni.

Juni 6

Tumechuma. Baridi na ukungu mpaka saa nne.

Juni 11

Leo tuliacha kahawa tukakata migomba yenye mnyauko. Mzee Nolasco ana jicho la ajabu. Yuko mbali, anaona jani moja limelegea kama mkono uliovunjika kiwiko, anasema ule pale. Tunaukata, na kweli kwenye shina lililokatwa unatoka utelezi wa njano kama usaha. Kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine lazima panga lipite kwenye moto, la sivyo unaubeba ugonjwa kwa mkono wako. Mimi nilikuwa wa kutunza moto. Nilikaa chini mara tatu. Mara ya tatu Mzee aliniuliza kama moto unatunzwa kwa makalio. Yule Mrundi alicheka sana.

Juni 12

Nimelala kwa saa kumi, nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Juni 16, Jumapili

Tuliosha mikono mtoni. Utomvu wa migomba unashika ngozi kama lami, kila mtu hapa ana viganja vyeusi siku za kazi. Tulisugua kwa majivu na limau. Mikono ya Mrundi ikatakata. Yangu haikubadilika. Mistari ya kiganja imekuwa kama mtu ameichora kwa kalamu, na vifundo vya vidole pia. Mrundi akasema mimi sijui hata kuoga. Nilisugua mpaka nikatoka damu, weusi ukabaki pale pale. Nadhani utomvu wa huku ni mkali kwa mtu asiyeuzoea. Yeye kazoea.

Juni 22

Mke wa Mzee tunamwita Mama Mackrine. Ndiye anayetupikia, na ni mtu mwema. Leo nilimwomba chumvi, akanipa. Nikaomba tena. Mama yake Mzee, Bibi Sperancia, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pale jikoni. Yule bibi ni mkali kwa watu wote. Kila asubuhi nampa shikamoo, siku nyingine anaitikia, siku nyingine anaangalia ng'ombe wake kama vile ndio wamemsalimia. Akaniuliza:

"Muha, unakula ndizi kwa chumvi au chumvi kwa ndizi?"

Wote wakacheka na mimi nikacheka. Baadaye nilirudi jikoni wakati hakuna mtu, nikachota kiganja kizima nikala hivi hivi. Ilikuwa tamu kuliko asali. Sijui kwa nini naandika jambo la aibu namna hii, labda kwa sababu hakuna wa kulisoma.

Juni 25

Suruali imenilegea. Nimefunga kamba ya mgomba kiunoni.

Juni 28

Mama Mackrine ameanza kuificha chumvi. Simlaumu.

Bibi Sperancia ana ng'ombe watano wenye pembe ndefu, ndio fahari yake. Amewawekea jiwe la chumvi kwenye hori, jekundu, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Leo nilitumwa kuwapelekea majani. Nilisimama pale na ng'ombe wananiangalia. Nikatoa kisu changu cha kukatia matawi, nikakwangua, nikalamba. Nikakwangua tena. Nilipotoka pale kichwa kilikuwa chepesi, na nikachuma kahawa mpaka jioni bila kukaa chini.

Juni 30

Nimekwenda tena horini.

Julai 1

Nimekwenda tena. Alfajiri, kabla hawajaamka.

Julai 4

Nikiinama naona sawa. Nikiinuka dunia inazunguka na macho yanafunga giza. Nilishika tawi la mbuni likavunjika na kahawa zikamwagika. Mrundi aliziokota na maneno yakamtoka, kwamba anachuma mistari miwili, wake na wangu, kwamba huko kwao mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa angenishinda. Nikamwambia arudi kwao basi. Akanyamaza. Ni mara ya kwanza kumwona amenyamaza.

Julai 7

Leo limetokea nililoliogopa. Bibi Sperancia aliita watu wote horini, akamwonyesha mwanawe lile jiwe la chumvi. Upande mmoja ni laini, umelambwa. Upande wa pili una michirizi iliyonyooka. Akasema:

"Nimefuga tangu nikiwa msichana. Nionyesheni ng'ombe anayelamba kwa kisu."

Mzee Nolasco hakuuliza maswali mengi. Alimgeukia Nsanzimana. Akasema Warundi ndio wanaochukua chumvi ya watu kwenda kuibadilisha na pombe kwenye vilabu. Nsanzimana akasema yeye hanywi. Ni kweli, hanywi, mimi najua. Mzee akasema kuanzia leo atalala nje kwenye chanja akilinda kahawa, na Jumapili zake zimekwisha.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kisu kiko mfukoni. Ningesema, ningefukuzwa. Ningefukuzwa bila kitambulisho, maana Mzee angesema nimevunja makubaliano. Ningefika kizuizini na kuambiwa mimi ni Mrundi. Hayo yote niliyafikiria kwa muda wa kumeza mate tu, nikanyamaza.

Nsanzimana alichukua blanketi lake chumbani. Hakuniangalia.

Julai 8

Chumba kimekuwa kikubwa. Sipati usingizi.

Julai 10

Bibi amelihamisha jiwe la chumvi ndani ya nyumba.

Julai 13

Natapika asubuhi. Tumbo linauma. Mama Mackrine ameniona nimeegemea ukuta, akasema kesho atanipeleka kwenye duka la dawa hapa kijijini, huko hakuna kizuizi.

Julai 14

Mwuza dawa aliniuliza nasikia nini. Nikamwambia kizunguzungu, uchovu, kukonda. Akaniangalia mikono, nikasema ni utomvu, akakubali, naye ana migomba kwake. Kwanza akaninong'oneza habari ya ukimwi, nikamwambia nilipima mwaka jana, sina. Akasema basi ni presha, kizunguzungu namna hiyo ni presha inapanda. Mashine ya kupimia ilikuwa imeharibika. Akaniuliza kama natumia chumvi nyingi. Mama Mackrine akajibu kabla yangu, akasema huyu, jamani, anakula chumvi kama sukari. Yule bwana akapiga meza kwa kalamu, kwamba ugonjwa umejionyesha wenyewe. Akanikataza chumvi kabisa.

Njiani Mama Mackrine alikuwa na furaha kwamba tumejua. Akasema atanipikia chungu changu peke yangu, na ataniangalia kama anavyomwangalia mwanawe.

Julai 15

Ndizi na maharage bila chumvi.

Julai 16

Bila chumvi. Amekaa karibu yangu mpaka nimemaliza.

Julai 17

Nimeota nalamba ukuta.

Julai 18

Vero, mke wangu, amepiga simu. Nimemwambia niko salama, naongezeka mwili. Mtoto alitaka kuongea nami, nikasema salio linakwisha, na simu alipiga yeye.

Julai 20

Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, Bibi Sperancia akapita na fimbo yake. Nilijaribu kumchekea. Akasimama. Akasema nifungue mdomo. Nikafungua kama ng'ombe anayenunuliwa mnadani. Akasema:

"Ulikuja hapa na ufizi mwekundu. Sasa ni mweusi kama wa mbwa. Unakula makaa?"

Akaenda zake. Nimejiangalia kwenye kioo cha Nsanzimana alichokiacha. Ni kweli. Ufizi una madoa meusi, na ndani ya mashavu. Kovu langu la mguuni, la machimbo ya dhahabu, nalo limekuwa jeusi tii. Sijui hili ni jambo gani. Nimefunga daftari.

Julai 22

Sikufanya kazi. Mzee amesema ananivumilia mpaka Ijumaa.

Julai 23

Nimetapika maji.

Julai 24

Homa. Nsanzimana kaleta uji dirishani akaweka bila kusema neno.

Julai 29, hospitali

Leo nimeweza kushika kalamu. Daftari lilikuja nami mfukoni. Mkono mmoja una sindano ya dripu, naandika kwa ule mwingine, na mwandiko ni mbaya.

Nitaandika kama ninavyokumbuka na kama nilivyoambiwa.

Ijumaa, tarehe ishirini na sita, Mzee Nolasco alikuwa amekwenda Kihanga kwa shughuli za kahawa. Asubuhi sikuweza kuinuka. Mama Mackrine alikuja na uji, nikautapika. Alinifunika mablanketi, akaenda kanisani kuniombea. Saa sita mchana Nsanzimana alikuja kugeuza kahawa kwenye chanja, akapita dirishani kuchungulia. Macho yangu yalikuwa wazi na nilikuwa simwoni. Alinimwagia maji, nikasema kitu kwa Kiha. Kiha na Kirundi ni karibu, akanielewa. Nilikuwa namwita mama yangu anifungulie mlango.

Alimkimbilia Bibi Sperancia. Bibi alikuja akaniangalia, akanishika mkono, akasema huyu anakufa, na hatafia kwenye nyumba yangu mimi nikiwa nimekaa. Akapiga simu kwa Isihaka, kijana wa bodaboda. Nsanzimana akamwambia kitambulisho changu kiko sandukuni. Bibi akaingia chumbani kwa mwanawe na shoka. Lakini kufuli lilikuwa zuri na mikono yake ina miaka themanini. Isihaka alikuwa ameshafika, pikipiki inanguruma. Wakaniondoa bila kitambulisho.

Mtu aliyelegea hakai kwenye pikipiki. Lazima awepo wa kumshika kwa nyuma. Nsanzimana hakuulizwa, wala hakujiuliza. Alipanda.

Hapo kwenye pikipiki ndipo akili ilinirudi kidogo, upepo ulikuwa baridi. Kifua chake kilikuwa mgongoni kwangu na mikono yake imenizunguka. Nikajua tunakwenda barabara ya Kayanga, na kizuizi kiko wapi. Nikajua pia kwamba kama nitakufa nitakufa na lile jambo. Nikasema:

"Ile chumvi. Ni mimi."

"Najua," akasema sikioni kwangu. "Nilikuona alfajiri moja, umeinama pale na ng'ombe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wangekufukuza. Halafu ningeongea na nani?"

Nilitaka kumwomba msamaha, nikatapika kwenye mkono wake. Akasema hilo nalo anaongeza kwenye hesabu ya jiwe la chumvi.

Kizuizini walitusimamisha. Sehemu hii nimeambiwa na Isihaka, mimi akili ilikuwa imeshaniondoka tena. Afisa aliuliza vitambulisho. Nsanzimana akashuka polepole huku amenishika. Akasema mimi ni Mtanzania, Muha, kitambulisho changu kiko kwa Mzee Nolasco wa Ihembe, wampigie simu. Yeye mwenyewe hana. Akasema, "Huyu apite, mimi nabaki." Afisa aliniangalia akasema haya, lakini nani atamshika? Nsanzimana akavua shati lake, akanifunga mimi na Isihaka kwa mikono ya shati, mafundo mawili kifuani mwa Isihaka. Akamwambia Isihaka aende polepole kwenye mashimo. Isihaka anasema alipogeuka alimwona amekaa chini kando ya barabara, kifua wazi, anaongea na wale askari.

Sasa nimechoka.

Julai 30

Daktari wangu ni mwanamke, anaitwa Nasreen. Siku nilipofika mashine iliandika presha sabini kwa arobaini. Haikuwa ya kupanda, ilikuwa imeshuka mpaka chini ya dunia. Sukari nayo ilikuwa karibu haipo.

Leo alivuta kiti akakaa. Alikuwa amenipekua mwili wote nilipokuwa sijitambui, viwiko, magoti, makovu. Nikamwambia kabla hajauliza kwamba mikono ni utomvu wa migomba.

"Kila mtu aliyekuleta au kukuona amesema hivyo," akasema. "Utomvu hauingii mdomoni, Dastan."

Akaniuliza kama niliwahi kuugua kifua kikuu. Nikasema ndiyo, miaka sita iliyopita, machimboni. Akauliza nilimaliza dozi? Nikasema niliacha mwezi wa nne kwa sababu nilikuwa nimepona. Akaandika. Akauliza kama kuna kitu nilikuwa nakitamani sana kula. Nikaangalia chupa ya dripu. Akasubiri. Yule mama anajua kusubiri.

"Chumvi," nikasema.

"Ya jikoni?"

"Na ya ng'ombe."

Nilidhani atacheka. Aliandika hilo pia, akalipigia mstari. Nikampa daftari hili aangalie tarehe, maana nilishindwa kueleza kilianza lini. Alisoma amesimama dirishani. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, akanieleza taratibu, na nikaelewa, nami naandika nisisahau.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo zinatengeneza homoni. Homoni ni kama ujumbe unaotembea kwenye damu. Moja ya hizo ndiyo inayompa mtu nguvu ya kuinuka asubuhi na kustahimili homa. Nyingine inaiambia figo izuie chumvi isitoke. Kifua kikuu kikipita pale kinazila tezi taratibu, kwa miaka, bila mtu kujua. Mimi chumvi yote ilikuwa inatoka kwenye mkojo. Mwili ukawa unaidai. Haikuwa tamaa.

Na weusi? Akasema ubongo huziita zile tezi kwa homoni yake. Tezi zikinyamaza, ubongo unaita zaidi, unaita usiku na mchana, na homoni hiyo ya kuita inapozidi ndiyo inayotia ngozi rangi. Kwenye mistari ya viganja, kwenye makovu, kwenye ufizi. Damu yangu imepelekwa Mwanza kupimwa, ila amesema hasubiri jibu ili kunitibu, angesubiri ningekuwa nimezikwa.

Nikamuuliza kuhusu kukatazwa chumvi. Alinirudishia daftari. Akasema wiki zile mbili ndizo zilizonimaliza, na homa ikaja juu yake.

"Ile ya ng'ombe ndiyo iliyokufikisha Julai," akasema.

Julai 31

Kitanda cha pili yuko Cleophace, kinyozi wa mjini. Amekonda kama mimi lakini anakula sahani tatu. Macho yametoka kama mtu aliyeshtushwa, anatoka jasho kwenye baridi hii, na mikono inatetemeka. Wateja walimwacha wakisema amekuwa mlevi, hasa baada ya kumkata sikio mwalimu mmoja. Watu wa kanisani walikwenda kuombea pombe imtoke, naye hajawahi kunywa. Daktari Nasreen aliangalia shingo yake, kuna uvimbe hapo mbele, akajua. Tezi ya shingo inamwaga homoni kupita kiasi, mwili unakimbia hata akiwa amekaa. Yake inamwaga, zangu zimekauka. Cleophace anasema tungechanganywa kwenye ndoo moja wangepatikana watu wawili wazima.

Anasema kliniki ameonana na mwanamke ambaye tezi hiyo hiyo kwake imelala. Anasikia baridi, anavimba uso, sauti imekuwa nzito, anasinzia akisimama. Wakwe zake walikuwa wamemrudisha kwao kwa uvivu.

Nimefikiria siku nzima. Mvivu, mlevi, mwizi. Watu wanatazama ugonjwa wanaona tabia. Na mimi pia. Nsanzimana nilimwona mropokaji.

Agosti 1

Dripu imetolewa. Kuanzia leo ni vidonge, kila asubuhi, maisha yote. Daktari amenishika bega akarudia mara tatu kwamba nisiache hata siku moja, nikipata homa nivizidishe mara mbili, nikitapika nikimbilie hospitali. Vinapatikana hata Kasulu. Alisema hatari yangu kubwa ni siku nitakayojiona nimepona, kama machimboni. Chumvi nile ninavyotaka. Amenipa kadi yenye jina la ugonjwa, niitembeze.

Asubuhi niliinuka kitandani na dunia haikuzunguka. Nilisimama pale nimeshika chuma cha kitanda, nikisubiri izunguke. Haikuzunguka. Nililia, Cleophace akageukia ukutani ili nipate nafasi.

Agosti 2

Mzee Nolasco na Mama Mackrine wamekuja. Mama Mackrine daktari alikuwa ameshamweleza kwenye korido. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema alikuwa ananiua kwa kijiko chake mwenyewe. Nikamwambia hakuna aliyewahi kunipikia kwa moyo ule, na ni kweli, na ndivyo inavyonitisha.

Bibi Sperancia amenitumia nusu kilo ya chumvi ya jikoni, na ujumbe kwamba hii haihitaji kisu. Kumbe amejua.

Nikamwambia Mzee hata hivyo, kwa mdomo wangu, mbele ya mkewe, kwamba chumvi ya horini nilikwangua mimi, na nilisimama pale nikaacha mwenzangu aadhibiwe. Mzee alikuwa amekaa na kofia magotini. Aliigeuza geuza. Akasema mgomba wenye mnyauko angeuona toka mbali. Kisha akatoa kitambulisho changu kwenye mfuko wa shati, akakiweka juu ya shuka, akasema daktari ameniruhusu kutoka, basi la Kasulu linaondoka kesho alfajiri, nauli analipa yeye.

Nikamuuliza Nsanzimana yuko wapi. Akasema amesikia wanawaweka hapa mjini, kwenye ofisi ya uhamiaji, gari la mpakani likijaa wanaondoka. Nikamuuliza kama amekwenda kumwona. Akasema mtu anayeajiri watu wasio na vibali haendi pale kwa miguu yake.

Agosti 3

Basi limeondoka, sikulipanda.

Vero amepiga simu nikamweleza yote, hata chumvi ya ng'ombe. Aliuliza kama vidonge ninavyo mfukoni. Nikasema ninavyo. Akasema basi fanya unachofanya halafu uje.

Ofisi ya uhamiaji ina benchi moja la mbao na meza moja. Maisha yangu yote nimezunguka ofisi kama hii, nimepita mashambani, nimesubiri kiza, nimetembea saa tatu kukwepa mahali ambapo ni pa dakika kumi. Leo nimeingia mlangoni. Nilikuwa na sahani ya ndizi na maharage niliyoinunua kwa mama lishe, imefunikwa, na shati la Nsanzimana, nimelifua.

Afisa ni mtu wa makamo, ana miwani. Nikampa shikamoo. Nikaweka kitambulisho mezani kabla hajauliza. Akakisoma. Akauliza shida yangu. Nikasema kuna mtu mliyemweka humu anaitwa Nsanzimana, aliyeshushwa kwenye pikipiki Ijumaa ya wiki iliyopita, nimemletea chakula, na nataka iandikwe kwamba alikamatwa akiokoa mtu, alikuwa amekaa salama shambani na angeweza kubaki huko. Akasema hilo halibadilishi sheria. Nikasema najua, iandikwe tu.

Alivua miwani. Akaniangalia usoni, akaangalia mikono yangu ilivyo myeusi, akanisikiliza kwa namna ile wanavyosikiliza lafudhi.

"Wewe ni nani yake?"

Ningeweza kusema tulifanya kazi pamoja. Ilikuwa kweli na ilikuwa salama. Kitambulisho changu kilikuwa mezani kwake, si mkononi mwangu.

"Ni ndugu yangu," nikasema.

Akakichukua tena kitambulisho. Akakigeuza nyuma, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaniambia nikae kwenye benchi nisubiri, kuna mtu anataka kumpigia simu kwanza.

Nimekaa. Ni saa mbili na nusu, kidonge nimekimeza kwa maji ya bombani. Chakula kimechukuliwa na askari, amekipeleka ndani pamoja na shati. Hakuna aliyeniambia nitasubiri mpaka lini, wala simu ni ya nani. Nyuma ya ukuta huu ndiko waliko. Kuna mtu anaongea kule ndani, haachi, na wenzake wanacheka.

Sauti naijua.